Skrini Pana kwenye Kompyuta ya Zamani: Tusiitupe Mashine Kabla ya Kuijua Kasoro Yake



Tumeulizwa na wazazi zaidi ya mmoja suali lenye sura moja. Mzazi ana kompyuta ya mezani ya zamani. Skrini yake ya mwanzo, ile nene yenye mgongo, imekufa. Amenunua nyengine nyembamba na pana, au ameletewa na ndugu aliye ng'ambo. Amechomeka, picha imetoka, lakini imetanuka: nyuso za watu zimekuwa pana, duara limekuwa yai, na maandishi yana ukungu. Akiuliza dukani anaambiwa mashine imepitwa na wakati, anunue nyengine.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mara nyingi mashine haijafa. Inachokosa ni habari. Ama haijui imeunganishwa na skrini ya namna gani, ama haina maelekezo ya kuitumia. Mambo hayo yana mpangilio wa kuyaangalia, tukianza na lisilo na gharama mpaka lenye gharama. Anayeufuata atatengeneza, au atajua kwa yakini kuwa haiwezekani, na hapo atanunua nyengine bila ya majuto.

Yaliyotufika sisi

Madrasa yetu ina kompyuta moja ya mezani, mtumba, iliyonunuliwa kwa michango ya wazee. Ndani yake mna daftari la wanafunzi, hesabu za ada, na programu ya mus-haf ambayo watoto wa hifdhi huitumia kufuatia kisomo. Skrini ya zamani ilipozimika tukapewa nyengine, pana, ya nukta 1440 kwa 900. Siku ya kwanza watoto walifurahia ukubwa wake. Siku ya pili mmoja akauliza: "Ustadh, mbona alama za mwisho wa aya zimekuwa kama mayai?" Siku ya tatu mwengine akalalamika macho. Tuliposogea kuangalia, tukaona kuwa mstari mmoja wa fat-ha na mistari miwili ya tanwini haitofautiki vizuri. Hapo halikuwa tena jambo la uzuri wa picha. Mtoto anayejifunza kusoma hutamka anachokiona, basi ni haki yake akione sawasawa.

Tukaipeleka mashine kwa fundi. Akaitazama kwa muda mfupi akasema: "Hii imeshakufa, nunueni nyengine." Bei aliyoitaja ilikuwa na maana ya kuanza michango upya. Tukamshukuru, tukairejesha chuoni, tukaamua kuichunguza wenyewe kwa subira. Tuliyoyajua ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Kwa nini picha inatanuka

Picha ya kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Tukisema resolusheni ni 1024 kwa 768, maana yake ni nukta 1024 kwa upana na 768 kwenda chini. Skrini nyingi za zamani zilikuwa na umbo la nne kwa tatu: kila sehemu nne za upana, sehemu tatu za urefu. Ndiyo maana mashine za zamani zimezoea vipimo vya 640 kwa 480, 800 kwa 600 na 1024 kwa 768, ambavyo vyote vina umbo hilo.

Skrini pana zina maumbo mawili makubwa. La kwanza ni 16 kwa 10, lenye vipimo kama 1280 kwa 800, 1440 kwa 900 na 1680 kwa 1050. La pili ni 16 kwa 9, lenye vipimo kama 1366 kwa 768, 1600 kwa 900 na 1920 kwa 1080.

Jambo la kufahamu ni kuwa skrini nyembamba ina idadi ya nukta iliyotengenezwa nayo kiwandani, na haibadiliki. Ukiiletea picha ya 1024 kwa 768, huivuta mpaka ijaze kioo chote. Kwenye skrini ya 16 kwa 10 picha hutanuka kwa asilimia 20. Kwenye ya 16 kwa 9 hutanuka kwa theluthi nzima. Na kwa kuwa nukta za picha hazilingani na nukta za kioo, nukta moja hugawanywa baina ya jirani zake, nao ndio ule ukungu kwenye maandishi. Kubadilisha mwangaza au kufuta kioo hakusaidii kitu. Dawa ni kompyuta kupeleka picha yenye idadi ileile ya nukta ambayo skrini inayo.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jua skrini yako ina nukta ngapi. Namba hiyo huandikwa kwenye kitabu chake au kwenye boksi. Ukiwa huna vyote viwili, soma jina la modeli kwenye kibandiko cha nyuma na ulitafute kwenye intaneti. Iandike namba hiyo kwenye karatasi.

Jambo la kwanza: waya

Ndani ya skrini mna chipu ndogo iliyohifadhi maelezo yake: jina, vipimo, na kasi inazozikubali. Maelezo haya huitwa EDID, na sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Mashine inapowashwa huyasoma kupitia waya uleule wa picha. Ikiyapata, hujua skrini ni pana. Isipoyapata hukisia, na kwa kuchelea kuharibu hukisia kipimo kidogo, kama 800 kwa 600 au 1024 kwa 768.

Waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu mara nyingi, una pini 15 katika safu tatu. Rangi hupita kwenye pini za safu ya kwanza, na maelezo ya skrini hupita kwenye pini ya 12 na ya 15, zilizo kwenye safu ya mwisho. Ndiyo maana picha inaweza kutoka vizuri kwa rangi zake zote na bado mashine isijue chochote kuhusu skrini. Nyaya nyengine za bei nafuu hazina njia za pini hizo kabisa. Vifaa vya kugawa picha kwa skrini mbili, au vya kutumia skrini moja kwa mashine mbili, huweza kuyazuia maelezo hayo vilevile.

Huku kwetu visiwani kuna sababu nyengine, nayo ni upepo wa bahari. Chumvi hula shaba. Zima mashine na skrini, chomoa waya, uangalie pini moja moja kwa tochi. Kama kuna iliyopinda, iliyovunjika au iliyoota kutu ya kijani, umeshapata pa kuanzia. Usibabaike ukiona pini ya 9 haipo, kwani nyaya nyingi nzima hutengenezwa bila ya pini hiyo. Azima waya mwengine kwa jirani ujaribu. Mashine yako na skrini yako zote zikiwa na tundu la DVI au HDMI, tumia hilo, maana picha ya kidijitali haipotezi ukali njiani.

Sisi tulikuta pini ya 12 imezama ndani. Tulipobadilisha waya, jina la skrini likatokea kwenye mipangilio ya Windows, mahali ambapo zamani paliandikwa tu kuwa ni skrini ya kawaida. Tukafurahi, lakini 1440 kwa 900 haikuwemo kwenye orodha. Tukajua kuna jambo la pili.

Jambo la pili: draiva

Draiva ni programu inayoifundisha Windows namna ya kuitumia kadi ya picha. Ikikosekana, Windows hutumia draiva yake ya jumla, inayotoa picha lakini haijui uwezo wa kadi yako. Kulijua hili ni rahisi. Fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukiona jina "Standard VGA Graphics Adapter" kwenye Windows 7, au "Microsoft Basic Display Adapter" kwenye matoleo yaliyofuata, basi draiva ya kweli haimo. Kwenye Windows XP mara nyingi utaona alama ya suali au ya mshangao yenye rangi ya manjano.

Tafuta draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine au aliyetengeneza kadi, kwa kutumia modeli kamili. Jiepusheni na zile programu zinazojitangaza kuwa zinatafuta draiva zote kwa mpigo mmoja. Nyingi huingiza ndani ya mashine vitu usivyoviomba, na mashine inayotumiwa na watoto si mahali pa kuingiza usichokijua. Na kabla ya kugusa chochote, nakilini mafaili yenu muhimu kwenye flashi, kwani umeme wetu haubishi hodi unapokatika.

Draiva ikishakaa, washa mashine upya. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye uso wa skrini, chagua "Screen resolution" kwenye Windows 7, au "Properties" kisha "Settings" kwenye XP. Chagua namba uliyoiandika kwenye karatasi. Kasi iwe 60, kwani skrini nyembamba za kawaida hazihitaji 75 wala 85 kama zile nene.

Ukichagua kipimo ambacho skrini haikiwezi, kioo kitakuwa cheusi au kitaandika kuwa kipimo kimevuka mpaka. Usiguse kitu. Windows husubiri sekunde 15, ikiona hukuthibitisha hurejesha kipimo cha mwanzo. Kama skrini yako ni ile nene ya zamani, usilazimishe kabisa kasi isiyoandikwa kwenye kitabu chake, maana hizo zinaweza kuharibika.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Skrini ni ya 1366 kwa 768, lakini kwenye orodha ipo 1360 kwa 768 tu. Sababu ni hesabu: kadi nyingi za zamani hutaka upana unaogawika kwa nane. 1360 inagawika, 1366 haigawiki. Chagua 1360, kisha bonyeza kitufe cha skrini cha kujirekebisha, mara nyingi kimeandikwa "Auto". Upungufu wa nukta sita hautauona kwa macho.

Jambo la tatu: kadi yenyewe

Hapa ndipo ilipokuwa mashine yetu. Bodi yake ilikuwa na chipu ya Intel 865G, ya mwaka 2003, ambayo picha yake hutoka kwenye bodi kuu bila ya kadi ya pembeni. Kabla yetu kuna mtu aliitoa Windows XP akaweka Windows 7, na nia yake bila shaka ilikuwa njema. Lakini Intel haikutoa draiva ya Windows 7 kwa chipu za 845G na 865G. Windows ikabaki na draiva ya jumla, na draiva ya jumla hutegemea orodha ya vipimo iliyochomwa ndani ya chipu ya bodi tangu kiwandani. Orodha ile iliandikwa wakati skrini za mezani zilikuwa karibu zote ni za nne kwa tatu, na 1440 kwa 900 haikuandikwa. Waya mzuri hausaidii hapo, wala kubadilisha skrini.

Anayekutana na hali hii ana njia mbili. Ya kwanza ni kadi ya picha ya pembeni. Fungua boksi uangalie tundu: mashine za miaka hiyo zina AGP, na zilizofuata baada ya mwaka 2004 nyingi zina PCI Express. Tundu hizi hazifanani, kwa hiyo piga picha tundu lako kabla ya kwenda kununua. Sisi tulikuwa na mashine mbovu stoo, ndani yake mna kadi ya AGP ya NVIDIA GeForce 6200. Kadi hiyo ina draiva ya Windows 7. Tukaihamisha, tukaweka draiva, tukahamishia waya kwenye tundu la kadi badala ya lile la bodi, na 1440 kwa 900 ikatokea kwenye orodha. Hatukutoa senti.

Kumbukumbu ya kadi nayo hupigiwa hesabu. Picha ya 1440 kwa 900 ina nukta 1,296,000, na kila nukta kwa rangi kamili huchukua baiti nne, jumla baiti 5,184,000, yaani kama megabaiti tano. Kadi kongwe yenye megabaiti nne haitaweza kwa rangi kamili, lakini kadi yenye nane inatosha. Kwa 1920 kwa 1080 zinahitajika baiti 8,294,400. Basi unaponunua kadi ya mtumba, uliza kumbukumbu yake na uulize kama ina draiva ya Windows uliyonayo.

Njia ya pili ni Linux

Njia hii haina gharama ya pesa, inataka subira. Zamani Linux nayo ilifungwa na orodha ileile ya chipu, na watu wakitumia kijiprogramu kiitwacho 915resolution, kilichobadilisha kipimo kimoja cha orodha ndani ya kumbukumbu, tena kila mashine inapowashwa. Kuanzia mwaka 2007 draiva ya Intel ya Linux iliacha kuitegemea orodha hiyo, ikawa inapanga vipimo yenyewe. Kwa hiyo toleo jepesi la Linux linalokubali prosesa yako aghlabu litaiona skrini pana bila ya kuhangaika.

Lisipoiona, kwa mfano waya haupitishi maelezo na huna mwengine, unaweza kuiambia mwenyewe. Fungua terminali uandike:

cvt 1440 900 60

Itakujibu kwa mstari wa namba. Zichukue namba hizo uziweke kwenye amri inayofuata, kama hivi:

xrandr --newmode "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync

xrandr --addmode VGA-1 1440x900_60.00

xrandr --output VGA-1 --mode 1440x900_60.00

Mahali pa VGA-1 weka jina la tundu lako. Ukiandika xrandr peke yake utaliona. Mashine nyengine huliita VGA1 bila ya kistari. Amri hizi hupotea ukizima mashine, basi zikishafanya kazi zihifadhi kwenye faili linalojiendesha unapoingia.

Ikishindikana kabisa

Pengine umebadilisha waya, umetafuta draiva, na tundu la kadi halimo. Bado kuna la kufanya. Skrini nyingi pana zina menyu yake yenyewe, na ndani yake mna chaguo la umbo la nne kwa tatu. Ukilichagua, picha itakaa katikati, pembeni kutakuwa na mistari miwili myeusi, na duara litarudi kuwa duara. Ukungu utapungua lakini hauondoki wote. Kwa kuandika barua na hesabu inatosha. Kwa mtoto anayesoma mus-haf, ongeza ukubwa wa herufi ndani ya programu, au arudi kwenye mus-haf wa karatasi, ambao hauhitaji draiva.

Wapo wazee ambao skrini ikishawekwa kipimo chake husema maandishi yamekuwa madogo, na vijana wao huwarejeshea 800 kwa 600. Hilo ni kosa, kwa sababu linarudisha ukungu uleule. Acheni resolusheni ya skrini kama ilivyo, nendeni kwenye mipangilio ya "Display" mkuze maandishi kwa asilimia 125 au 150. Herufi zitakuwa kubwa na kali.

Neno kwa mafundi na kwa wazazi

Tuna neno moja kwa vijana wetu mafundi. Mwenye kuleta mashine amekuaminini kwa asichokijua. Kumwambia "imekufa" bila ya kuangalia waya wala draiva kunamtia katika gharama asiyodaiwa, na hiyo ni dhamana mtakayoulizwa. Kusema "sijui, niachie niangalie" hakumpunguzii fundi heshima.

Na kwa wazazi: msione haya kumuuliza fundi mambo matatu. Waya umejaribu mwengine? Draiva ya kadi imo? Kadi ni ya aina gani, na inakubali kipimo cha skrini hii? Akikujibuni yote matatu na bado akasema haifai, basi amekushaurini kweli, nunueni nyengine mkiwa na utulivu. Tena kumbukeni kuwa Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama mwezi wa Aprili 2014, na Windows 7 mwezi wa Januari 2020. Mashine yenye matoleo hayo ibaki kwa kazi za nyumbani na za skuli zisizohitaji intaneti, na mambo ya benki yasifanywe humo.

Mashine yetu ipo hadi leo pembeni mwa dirisha la chuoni. Yule mtoto wa mayai alipoziona alama za aya zimekuwa duara tena, hakusema neno. Alivuta kiti akaendelea na kisomo chake. Tukamwekea alama ya mahudhurio, darsa ikaendelea.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum.